Kikohozi cha Mzee Lazaro

Ijumaa ilikuwa ya Yussuph, Jumapili ilikuwa ya Lazaro, kwa hiyo Jumamosi waliwaachia perege. Hivyo ndivyo wazee hao wawili walivyogawana wiki tangu wakiwa vijana wenye meno yote kinywani, na hapakuwa na msimu wa kahawa wala mvua ya Rungwe iliyowahi kuwavurugia mpango. Na anayeijua mvua ya Rungwe anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Lazaro alilima migomba na chai kidogo huko Kinyala. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupitisha kikapu cha sadaka na kuwakazia macho wanaosinzia. Yussuph aliuza mitumba sokoni Tukuyu, na swala ya Ijumaa haikumpita. Walikutana ujanani kwenye ziwa dogo lililoko nyuma ya shamba la Lazaro, ambalo wenyeji huliita kisiba tu, kila mmoja na ufito wake wa mwanzi na kopo lake la minyoo, wakaambukizana ugonjwa wa kuketi kimya na kutazama kizibo kikielea. Samaki walikuwa na uzuri mmoja ambao ng'ombe na kuku hawana: hakuna aliyehitaji kuuliza nani amemchinja. Waliwachoma palepale ukingoni, wakawala juu ya jani moja la mgomba, kila mtu akashukuru kwa sala yake, kisha wakarudi kuvua.

Ziwa lenyewe lilitaka heshima. Ni mdomo wa mlima wa moto uliozimika zamani ukajaa maji, na halina ufuko. Unakanyaga majani, na hatua inayofuata hukanyagi kitu. Lazaro hakujua kuogelea, wala hakuona aibu kusema hivyo, maana aliamini Mungu alimweka milimani kwa makusudi.

Katika uvuvi huo jambo moja tu lilimkera Yussuph, nalo lilikuwa kikohozi cha mwenzake.

Lazaro aliishi na mkamwana wake, Tusekile, mke wa mwanawe Asajile. Kwa Wanyakyusa wa kizamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake usoni wala hatamki jina lake, na baba mkwe naye humkwepa. Huyu akija kwa huku, yule apite kwa kule. Wachungaji walishasema kwamba kuyaacha mambo hayo si dhambi, na nyumba nyingi zilikuwa zimeyaacha kweli, mkwe na mkamwana wakiketi sebule moja na kusikiliza redio. Lakini Lazaro alilelewa hivyo, na Tusekile naye alilelewa hivyo kwao Mpuguso, na wote wawili waliona kwamba huko si kuogopana bali ni kuheshimiana. Basi mzee alikohoa kila alikokwenda. Alikohoa akifika pembeni mwa nyumba, alikohoa akikaribia jiko, na alikohoa kila penye kona ya njia ya ziwani, kwa sababu Tusekile alifulia nguo kwenye jiwe lililoko upande wa pili wa matete, na kikohozi kilimpa nafasi ya kujisitiri.

"Bwana Lazaro, samaki wa humu wote wanakijua kifua chako," Yussuph alimwambia. "Ukikohoa wanakwenda kulala."

"Waache walale," Lazaro alijibu. "Wataamka na njaa."

Tangu mama Asajile alipofariki, Tusekile ndiye aliyempikia mzee. Jioni Lazaro alisikia hatua, kisha sahani ikiwekwa kwenye kigoda nje ya mlango, kisha mlango ukigongwa, kisha hatua zikiondoka. Alipofungua alikuta chakula cha moto. Haikutokea hata siku moja akakuta kimepoa. Mkamwana alijua kwamba mzee anapenda ndizi zake ziive mpaka zilegee, ingawa hakuna aliyemwambia. Siku za baridi kali ya mwezi wa saba alimwachia na makaa kwenye chungu kilichovunjika. Lazaro aliijua sauti yake kwa nyimbo za kwaya, na aliujua mwendo wake, lakini sura hakuijua, kwa kuwa hata siku ya harusi binti alikuja amefunikwa. Naye alimjibu kwa njia yake: perege mnono kuliko wote alimfunga kwenye jani na kumwacha juu ya kigoda kilekile. Asubuhi jani lilikuwa limeondoka, na Lazaro alijisikia kama mtu aliyezungumza na mwenzake.

Asajile hakuwapo. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, na miaka ile ilikuwa miaka ya watu kupunguzwa. Mali ya serikali ilitafuta wanunuzi, na kabla mnunuzi hajafika, wafanyakazi walishaambiwa waende nyumbani. Asajile alikaa nyumbani mpaka akachoka kuitazama migomba, akaenda Dar es Salaam kuuza viatu barabarani. Sasa alikuwa amepata chumba, na alikuwa ametuma salamu kwa dereva wa basi kwamba mke wake amfuate. Tusekile angeondoka Jumatatu. Lazaro aliposikia alimfurahia mwanawe, kisha akaenda kukaa migombani peke yake, na chakula cha jioni ile kilimshinda.

Lakini upepo uleule wa soko huria uliomtoa Asajile kiwandani ulimletea Yussuph mabelo ya mitumba kwa wingi ambao Tukuyu haikuwahi kuuona. Ndani ya belo moja la makoti alikuta fimbo ya kuvulia ya Ulaya iliyokunjwa vipande vipande, yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, na pamoja nayo samaki wa plastiki mwenye ndoano tumboni. Hakuiuza. Alimpelekea rafiki yake.

"Huyu wa plastiki ni wa nini?" Lazaro aliuliza.

"Ndiye chambo. Samaki akimwona anadhani ni mwenzake, anamrukia."

"Yaani anamla mwenzake?"

"Wewe hujawahi kuhudhuria kikao cha kijiji?"

Lazaro alishukuru, akaisifu fimbo, akaipangusa kama kikombe cha ushirika. Ila hakuwa mtu wa kuamini plastiki moja kwa moja. Alitunga mnyoo kwenye ile ndoano ya tumboni, ili samaki asiyedanganyika apate walau chakula. Na kile kigurudumu hakukiamini kabisa. Maisha yake yote alikuwa akiuzungusha mshipi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na hakuona kwa nini aache.

Jumamosi ile Yussuph alichelewa, maana alikuwa amefungua belo jipya na wanawake wa mjini walikuwa wamemzingira. Lazaro alishuka ziwani peke yake, akikohoa kwenye kila kona. Upande wa pili wa matete alisikia nguo zikipigwa kwenye jiwe na wimbo wa kwaya. Tusekile alikuwa akifua nguo za safari. Lazaro alikohoa tena, wimbo ukanyamaza kidogo, kisha ukaendelea kwa sauti ya chini. Maana yake ilikuwa kwamba amesikia, matete yanawatenga, kila mtu aendelee na shughuli yake.

Alirusha mshipi. Alikuwa akiwaza Jumatatu, akiwaza kigoda kitupu, ndipo kitu kikavuta. Hakikuvuta kama perege, ambaye huguguna kwa adabu. Kilivuta mara moja kwa nguvu zote, kwenda chini, na mshipi uliokuwa kifundoni ukakaza mpaka kwenye nyama. Lazaro alipiga hatua moja mbele ili apunguze maumivu. Hatua hiyo ilikuwa juu ya majani. Iliyofuata haikuwa juu ya kitu.

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata pumzi. Alizama, akaibuka, mkono wa kulia ukakuta mzizi ukingoni, akaushika. Wa kushoto ulikuwa unavutwa na yule aliyeko chini. Alikanyaga akitafuta ardhi, akakumbuka kwamba hapo hakuna ardhi.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita, naye alikuwa karibu, nyuma ya matete. Lakini Lazaro hakuwahi kumwita mkamwana wake hata siku moja. Hakujua amwiteje. Kinywa kilifunguka, na kabla akili haijaamua, kifua kikafanya kile kilichozoea kufanya mbele ya Tusekile. Kikakohoa.

Wimbo ukakatika. Alisikia beseni likiinuliwa, na miguu ikikimbia kupanda njia, haraka, kwa heshima zote, ili mzee apite.

Hapo Lazaro alielewa kwamba amejiua kwa adabu. Alijaribu kupiga ukelele, akanywa maji, na kilichotoka kilikuwa kikohozi kingine, na kingine tena. Mzizi ulianza kung'oka polepole. Alimwaza mkewe, akamwaza Asajile, akawaza kwamba Yussuph akifika atakuta kofia peke yake.

Hatua zikasimama. Kisha zikarudi.

Alimwona akitokea kwenye matete, na alikuja kinyumenyume. Kanga ilikuwa imefunika kichwa chote mpaka begani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akipapasa ardhi kwa visigino, na alipofika ukingoni alirusha nyuma yake shuka lililolowa, lililosokotwa kama kamba. Lilikuwa shuka jeupe lenye maua ya bluu. Likamwangukia Lazaro usoni. Aliuachia mzizi, akalizungusha kwenye mkono, akalishika na kwa meno yaliyobaki. Tusekile alipitisha ncha ya pili begani, akainama, akavuta kama anayeburuta gogo. Lazaro alipanda ukingo kwa tumbo. Alichokiona ni visigino viwili vyenye matope vikichimba udongo, vinateleza, vinachimba tena.

Alipokuwa nje ya maji mpaka magotini, shuka lililegea. Tusekile alisimama akihema, mgongo ukiwa kwake. Alingoja mpaka alipomsikia anatapika maji na kuvuta pumzi. Kisha akaenda, hakugeuka, akaliacha shuka palepale.

Yussuph alipofika na baiskeli yake alimkuta rafiki yake ameketi kwenye matope, amejifunika shuka la maua.

"Leo sikukusikia ukikohoa," alisema.

"Nimekohoa," Lazaro alijibu, kisha akaanza kutetemeka.

Yussuph aliiangusha baiskeli. Alivua koti lake akamvika, akawasha moto kwa kuni zilizokauka chini ya mwamba, kisha akakiona kile kifundo cha mkono, mshipi ukiwa bado umezama kwenye nyama. Aliushika mshipi akauvuta taratibu. Aliyekuwa upande wa pili bado alikuwapo, amechoka kama wao: kambare mkubwa, mweusi, mwenye masharubu, na yule samaki wa plastiki shavuni.

"Kwa hiyo ni huyu," Yussuph alisema.

"Ni huyu."

Walimchoma. Lazaro alimsimulia kila kitu wakati mafuta yakidondokea motoni, mpaka visigino, mpaka kanga. Yussuph alisikiliza, akainamisha kichwa, akasema alhamdulillahi, akairudia kwa sauti ya chini. Halafu walikula. Lazaro alionja nyama ile, akasikia manyunyu yakianza kuanguka kwenye majani ya migomba, akaona moshi ukimwingia rafiki yake machoni, na vyote hivyo vikamfanya alie. Alilia bila kujificha, mdomo umejaa samaki. Aliona kwamba manyunyu hayo ni mali, na rafiki huyo ni mali, na kwamba yote hayo amerudishiwa na mtu ambaye hajamwona uso.

"Nifanyie jambo," alisema alipotulia. "Upite nyumbani, umwambie nashukuru."

Yussuph alilamba vidole taratibu.

"Nimekupelekea maneno ya chumvi," alisema. "Nimekupelekea ya mafuta ya taa, na ya jogoo aliyeugua. Nikasimama uani kama posta, kwa sababu mimi mtu wa mjini, sihesabiwi. Hili silipeleki."

"Yussuph."

"Silipeleki, ndugu yangu. Nifike niseme, Lazaro anashukuru kwa kuvutwa majini? Shukrani ya uhai haipiti kwa muuza makoti. Kaiseme mwenyewe."

"Nikimtokea mbele nitamwaibisha. Ataondoka na aibu hiyo mpaka Dar es Salaam."

"Basi usimtokee. Lakini useme. Jumatatu anaondoka, na wewe na mimi hatujui kama tutamwona tena."

Lazaro alilitazama shuka. Lilikuwa limechafuka matope na damu ya kifundo, na alilikumbuka sasa: Yussuph ndiye aliyemuuzia Tusekile, na binti alikuwa amelitunza kwa ajili ya chumba cha Dar es Salaam. Akainuka, akaenda kwenye jiwe la kufulia, mahali ambapo mwanaume wa umri wake hakuwahi kukanyaga, akapiga magoti akaanza kulifua. Yussuph alisimama njiani kumlinda na macho ya wanawake wa kijiji. Kila aliposikia mtu kwa mbali alikohoa, halafu akacheka peke yake mpaka akashika mbavu.

Usiku ule nusu ya kambare ilikuwa kwenye kigoda, imefungwa kwenye jani. Asubuhi jani halikuwapo. Lazaro alilitazama lile pengo, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba halitoshi.

Alilianika shuka nyuma ya nyumba, kwenye kamba iliyofungwa kati ya mparachichi na nguzo ya jiko. Jumapili mvua ilinyesha toka ibada ya asubuhi mpaka jioni, kama kawaida ya kwetu ambako nguo huanikwa kwa imani. Kanisani Lazaro alipitisha kikapu akiwa anapanga maneno. Aliyapanga, akayapangua, na aliporudi nyumbani hakuwa nayo.

Jumatatu kulikuwa na ukungu tu. Yussuph alikuwa ameahidi kuja na baiskeli kubeba mzigo wa Tusekile mpaka kwenye kituo cha basi. Mzigo ulishafungwa na ulikuwa mlangoni. Kilichobaki kilikuwa shuka. Lazaro alilisikia lile jiko likifungwa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kusimama upande wa pili wa shuka, kifua kikiwa karibu kuligusa. Lilining'inia zito, bichi, likimfunika kuanzia kichwani hadi magotini.

Hatua zilikuja. Kifua chake kilitaka kukohoa, akakizuia.

Hatua zilisimama ghafla. Tusekile alikuwa ameiona miguu ya mzee chini ya shuka.

"Mwanangu," Lazaro alisema. "Usikimbie. Sitoki huku niliko."

Hakukimbia.

"Umenilisha tangu mama yenu alipotutoka, na sikuwahi kusema kitu. Niliacha perege kwenye kigoda, nikaona wamesema kwa niaba yangu. Juzi ulinitoa ziwani. Hilo perege hawawezi kulisema." Maneno aliyoyapanga yalikuwa yamekwisha, yakabaki yale ya nyumbani ya kushukuru. "Ndaga fijo, mwanangu. Ndaga fijo. Nilikuwa nimekufa. Asubuhi hii nimekunywa chai."

Kuku alipita chini ya shuka, akaenda zake.

"Ndaga, tata," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ileile ya kwaya, lakini safari hii ilitumwa kwake, ikimwita baba. "Nilikimbia. Naomba unisamehe, nilikimbia kwanza."

"Nilikohoa. Ungefanyaje?"

"Kikohozi chako hutembea, tata. Hupita kwenye kona, kikaenda. Kile kilisimama mahali pamoja. Ndiyo nikarudi."

Lazaro alifumba macho. Miaka yote hiyo alidhani anakohoa ili akwepwe, asionwe, asimsumbue mtu. Kumbe kulikuwa na mtu aliyemsikiliza kila siku, kona kwa kona, akajua alipo.

"Bado bichi," Tusekile alisema baadaye, na vidole vyake vilionekana juu ya kamba, vimeshika pindo la shuka. "Litabidi lisafiri hivyo hivyo."

"Litakauka Dar es Salaam. Huko kuna jua."

"Ni kubwa kwa mtu mmoja." Alilivuta pindo kidogo. "Tukunje, tata."

Lazaro alidhani hakusikia vizuri. Lakini vidole vilikuwa vinangoja pale juu. Aliinua mikono, akashika ncha zake mbili, wakalitoa kwenye kamba pamoja, wakalinyoosha kati yao. Likakunjwa mara moja, likashuka mpaka kifuani. Lazaro aliinua macho.

Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na kovu dogo juu ya nyusi. Alikuwa mdogo kuliko nyimbo zake. Alikuwa akilia na kucheka, na alikuwa akimtazama.

Walisogeleana wakakutanisha ncha, vidole vyake vya uzee vikapokea vile vya binti, wakakunja tena. Kwenye migomba baiskeli ikalia kengele. Yussuph alikuwa amefika, akaona, akasimama, na bila shaka akashindwa kujizuia. Akakohoa kwa kifua kizima.

Hakuna aliyejificha.